Gari ya baba, gari ya mama: nani alizigawanya?

Mjini Goma ao Bukavu, watu hawangoji kioo kishushwe ili kusema nani anashika volani. Vitz ao IST ni « gari ya wamama ». Prado na Land Cruiser ni « za wababa ». Na mwanamke akionekana peke yake ndani ya Prado, swali halikawii: nani alimnunulia?

Swali hilo linaumiza. Wamama wengi wa biashara hapa kwetu wamenunua gari kwa faida ya vitambaa, ya unga ao ya samaki, na kwa zamu yao ya likelemba. Wanachagua gari ndogo kwa sababu inakunywa mafuta kidogo na piesi zake zinapatikana kirahisi. Baba akifanya hesabu hiyo, watu wanamwita mwenye akili. Mama akiifanya, wanasema anaogopa gari kubwa.

Na ile Land Cruiser inayotisha barabarani? Mara nyingi ni mali ya serikali, ya shirika ao ya kampuni. Baba anayeiendesha analipwa mshahara, na jioni anarudi kwake juu ya moto. Heshima yote anapewa yeye, lakini kwenye karte rozi jina lake halimo.

Mambo ya jina si madogo. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa mikataba mbalimbali. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, ikataka mume na mke wapatane. Tabia haikubadilika haraka hivyo: mama anafika garaji na gari yake, pesa iko mkononi mwake, na fundi bado anamwuliza mzee yuko wapi ili waongee bei.

Si kwetu tu. Mwaka 1955, kampuni ya Dodge ya Marekani ilitoa gari iliyoitwa La Femme, ya rangi ya waridi na nyeupe, pamoja na mkoba, rangi ya midomo na mwavuli. Walidhani mwanamke anatafuta hayo. Wanunuzi walikuwa wachache, na baada ya miaka 2 ikaachwa. Walikuwa wamesahau kwamba mwaka 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz ndiye alifanya safari ndefu ya kwanza ya gari, zaidi ya kilomita 100, pamoja na vijana wake wawili. Njia ya mafuta ilipoziba, aliizibua mwenyewe kwa pini ya kofia.

Na wenye Prado wa Kinshasa wanajua jambo lingine. Tangu 2013, kwenye njiapanda kadhaa za mji huo, wamesimamishwa na roboti kubwa za kuongoza magari. Aliyezibuni ni mhandisi Mkongomani, Mama Thérèse Izay Kirongozi.