Mzigo Usiotengana na Mwenyewe



Sisi wa Rwekubo, tukaao baina ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, tumezoea kusindikiza watu. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na baadhi yao huitwa kwenda kukaa nchi za mbali. Wengi ni wafanyakazi wenzetu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Leo tunaeleza habari za mmoja wao, mwanachama wetu mzaliwa wa Kongo, maana zina mafunzo mawili: la kazini na la safarini.

Ndugu huyu alikuwa akisinzia kwenye mashine zamu ya mchana. Akapewa barua mbili za onyo, na nyapara akamwita mvivu mbele ya wenzake. Tuseme kweli, hata sisi tulidhani ni pombe. Mke wake ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia, "Baba watoto hukoroma kama mashine ya kusaga, mara kimya, pumzi hakuna. Nikimtikisa huvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini."

Huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba. Pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, tena mara nyingi katika saa moja. Kila mara ubongo humshtua avute hewa, naye hana habari. Huamka amechoka kuliko alivyolala. Usipotibiwa, ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu na ajali za kazini na barabarani.

Tiba yake kubwa ni mashine ndogo ya kupumulia, ambayo daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake waliitangaza mwaka 1981. Si chupa ya oksijeni. Husukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia mpira mpaka kwenye barakoa ya puani, na msukumo huo hulizuia koo lisifunge. Ndugu yetu aliletewa ya kwake na jamaa walio ng'ambo. Majuma machache baadaye hakusinzia tena kazini.

Kisha siku yake ya kuhama ikafika. Katika kiwanja kimoja cha kubadilishia ndege, karani alimwamuru aiweke mashine pamoja na mizigo ya chini. Lau angekubali na sanduku likapotea, angefika ugenini hana pumzi ya usiku. Lakini alikuwa na barua ya daktari, tuliyomhimiza aiombe mapema. Akaomba kwa adabu aitiwe mkubwa wa zamu. Mkubwa akaisoma, akampitisha.

Kwa hiyo, mwenye mashine hii akitaka kupanda ndege, ayashike haya:

1. Mashine ikae mkononi, wala isiende chini ya ndege. Sheria ya Marekani, kwa mfano, haiihesabu katika idadi ya mizigo ya mkononi. Kwa ndege za nchi nyingine, ulizeni kampuni mapema, na jibu liwe la maandishi.

2. Barua ya daktari itaje ugonjwa, aina ya mashine na kipimo cha msukumo wa hewa. Wakimbizi wanaosafirishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji hupimwa afya kabla ya safari. Hapo ndipo pa kusema, msifiche.

3. Mwageni maji yote ya kwenye kitangi kabla ya kufunga. Maji yakiingia ndani ya mashine yataiharibu.

4. Atakaye kulala nayo angani aiarifu kampuni saa 48 kabla. Asitegemee umeme wa kitini, achukue betri. Sheria ya Marekani inaruhusu kampuni kudai betri za kutosha safari nzima na nusu yake tena: safari ya saa 8, betri za saa 12.

5. Betri za akiba za lithiamu hukaa mkononi tu, ncha zake zimefunikwa. Zidisheni volti kwa ampea-saa mpate wati-saa. Volti 24 mara 4 ni wati-saa 96. Hadi 100 ni ruhusa. Zaidi ya 100 hadi 160 ni kwa idhini ya kampuni, tena zisizidi mbili.

6. Umeme wa Uganda ni volti 240, wa Marekani 120. Someni kibandiko cha mashine: kikisema 100 hadi 240, mnahitaji plagi ya kubadilishia tu.

7. Mahali pa ukaguzi mashine huenda ikatolewa mfukoni mwake. Chukueni mfuko safi wa plastiki msiiweke juu ya trei chafu.

Ndugu yetu amefika salama na analala. Lakini zile barua mbili za onyo bado zimo katika faili lake, hakuna aliyezifuta. Wajumbe wa matawi, mwenzenu akisinzia kazini, msikimbilie kumwita mvivu kama tulivyofanya sisi. Muulizeni anayelala naye chumba kimoja, kisha daieni apelekwe kwa daktari kabla barua haijaandikwa.

Umoja ni nguvu.