Nadharia ya Wahamiti na historia ya Karagwe

Nadharia ya Wahamiti ni wazo la zamani lililodai kwamba falme, ufugaji na ustaarabu wa Afrika vililetwa na watu kutoka nje waliokuwa bora kuliko wenyeji. Watu hao waliitwa "Wahamiti", kwa jina la Hamu, mwana wa Nuhu katika Biblia. Kuhusu eneo la Maziwa Makuu, wazo hilo lilienezwa hasa na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, baada ya kukaa katika ikulu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 na 1862.

Leo wanahistoria, wanaakiolojia na wanaisimu hawaikubali tena nadharia hiyo. Hata hivyo inaendelea kusomwa katika vyuo vikuu kama mfano wa jinsi dhana za mbari zilivyoingia katika uandishi wa historia na utawala wa kikoloni, na jinsi zilivyoleta madhara kwa watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati.

## Ufalme wa Karagwe

Karagwe ilikuwa ufalme kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo. Eneo lake kubwa sasa limo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera ni mpaka na Rwanda upande wa magharibi, na Uganda iko upande wa kaskazini.

Wenyeji wa Karagwe huitwa Wanyambo (kwa lugha yao Abanyambo), na lugha yao ni Runyambo, mojawapo ya lugha za Kibantu iliyo karibu na Kihaya na Kinyankole. Katika jamii yao walikuwepo watu walioitwa Abahima, waliojulikana kwa ufugaji wa ng'ombe, na Abairu, waliojulikana kwa kilimo cha migomba na mazao mengine. Wote walizungumza lugha moja na kuwa chini ya mfalme mmoja.

Mapokeo simulizi husema kwamba nasaba ya Abahinda ilianzishwa na Ruhinda, anayehusishwa na Wamara wa Abacwezi, na kwamba alichukua utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Abasita. Nasaba nyingine za Abahinda zilitawala Nkore, Ihangiro na Rusubi. Makao ya wafalme wa Karagwe yalikuwa Bweranyange. Karibu na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Unyanyembe walikuwa na kituo chao katika karne ya 19.

## Speke katika ikulu ya Rumanyika

Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Karagwe Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha mto Naili. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862, lakini Grant alibaki hadi Aprili kwa sababu ya ugonjwa wa mguu.

Wakati huo Rumanyika alihitaji marafiki. Baada ya kifo cha baba yake Ndagara alikuwa amegombania kiti na ndugu yake Rogero, na alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Uhindi aliyekaa Tabora. Alipomweleza Speke jinsi alivyopata ufalme, Rumanyika hakutaja rangi wala mbari. Alisimulia habari za ngoma ndogo iliyotiwa dawa ikawa nzito, ambayo kati ya wana wa mfalme yeye peke yake aliweza kuiinua. Kwa maelezo yake mwenyewe, basi, haki ya kutawala ilitokana na nasaba, ngoma na kibali cha mizimu ya ufalme.

Speke alitazama mambo kwa namna nyingine. Aliona kwamba Rumanyika na ndugu zake walikuwa warefu, wenye nyuso ambazo kwake zilifanana na za Wahabeshi. Kutokana na sura hizo alihitimisha kwamba watawala wa nchi zote za Maziwa Makuu, aliowaita "Wahuma", walikuwa wageni waliotoka pande za Uhabeshi na kuwashinda wakulima wenyeji. Alimweleza Rumanyika fikra hizo na akajitolea kuwapeleka baadhi ya wanawe Uingereza wakasome.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitolewa mwaka 1863 na kikasomwa sana Ulaya. Ndani yake kuna sura nzima juu ya historia ya Wahuma. Speke mwenyewe aliyaita maelezo yake nadharia, kwa kuwa hakuwa na maandishi wala ushahidi mwingine isipokuwa sura za watu aliowaona. Waliomfuata waliyachukua kama ukweli uliothibitishwa.

Kisa kingine cha kitabu hicho kinachojadiliwa sana na wasomi ni kile cha Speke kumpima kwa utepe mke wa kaka mkubwa wa mfalme. Wanawake wa ikulu walinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulikuwa dalili ya heshima na utajiri wa ng'ombe. Kisa hiki kinaonyesha jinsi wapelelezi walivyoyageuza miili ya Waafrika kuwa vitu vya kupimwa. Pia kinaonyesha kwamba umbo la mtu katika ikulu lilitegemea chakula na cheo, si asili pekee.

## Asili ya wazo

Wazo la Wahamiti lina historia ndefu kuliko safari ya Speke. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, Nuhu anamlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Biblia haisemi lolote juu ya rangi ya ngozi ya Hamu, lakini kwa karne nyingi baadhi ya wafasiri walilitumia simulizi hilo kuhalalisha utumwa wa watu weusi.

Mwanahistoria Edith Sanders alionyesha katika makala ya mwaka 1969 kwamba maana ya neno iligeuka baada ya jeshi la Napoleon kuingia Misri mwaka 1798. Wataalamu wa Ulaya walistaajabia mabaki ya Misri ya Kale. Wengi hawakutaka kukubali kwamba yalijengwa na Waafrika weusi, basi wakawatenga "Wahamiti" kuwa tawi la watu weupe. Hivyo jina lililotumika kwanza kuwadharau watu weusi likawa jina la kuwanyima sifa ya kazi zao wenyewe.

Mwaka 1930 Charles Gabriel Seligman, profesa wa London, alichapisha kitabu kuhusu mbari za Afrika ambamo aliandika kwamba ustaarabu wa Afrika ulikuwa kazi ya Wahamiti wafugaji. Kitabu hicho kilitumika vyuoni kwa miaka mingi. Mwaka 1933 padre Albert Pagès alitoa kitabu juu ya Rwanda, ambacho jina lake liliiita ufalme wa Kihamiti katikati ya Afrika.

## Matumizi wakati wa ukoloni

Wajerumani walianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, na Karagwe ikawa chini ya utawala wao. Katika miaka hiyohiyo tauni ya ng'ombe iliua mifugo mingi Afrika Mashariki, nayo mashaka hayo yakadhoofisha falme zilizotegemea ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza. Gavana Donald Cameron (1925–1931) alieneza utawala usio wa moja kwa moja, ambapo serikali ilitawala kupitia machifu na kuihesabu kila "kabila" kuwa kundi lenye mipaka, sheria na kiongozi wake.

Utaratibu huo haukulingana na hali halisi. Karagwe iliwekwa ndani ya wilaya ya Bukoba, na mara nyingi Wanyambo walihesabiwa pamoja na Wahaya, ingawa walikuwa na ufalme na historia yao.

Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi nchini Rwanda na Burundi. Katika Rwanda, wakati wa miaka ya 1930, kila mtu mzima aliandikwa kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika kitambulisho chake. Majina hayo yalikuwepo kabla ya ukoloni, lakini mtu aliweza kubadilika hadhi kwa kupata au kupoteza ng'ombe, kwa ndoa au kwa utumishi. Kitambulisho kilifunga mlango huo. Watutsi walitangazwa kuwa Wahamiti wenye uwezo wa kuzaliwa wa kutawala, na nafasi za uchifu na elimu zikagawanywa kufuatana na imani hiyo.

## Ukosoaji wa wataalamu

### Historia

Makala ya J. Ford na R. de Z. Hall juu ya historia ya Karagwe ilitolewa mwaka 1947 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, ikitumia masimulizi ya wenyeji. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelezwa na Waafrika wenyewe. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, ililenga kuonyesha Waafrika kama watendaji katika historia yao. Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyotolewa mwaka 1969 kwa mtazamo huo.

Mwaka 1975 Israel Katoke alitoa kitabu kizima juu ya ufalme wa Karagwe na Wanyambo. Kwa kazi za namna hii ufalme ulianza kuelezwa kwa sababu za ndani kama vile koo, kugawana ng'ombe, biashara, dini na ugomvi wa urithi.

### Akiolojia

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Peter Schmidt alichimba katika nchi ya Wahaya, jirani na Karagwe. Alionyesha kwamba watu wa magharibi mwa Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, muda mrefu kabla ya nasaba za Abahinda. Andrew Reid alifanya utafiti wa kiakiolojia katika Karagwe yenyewe.

Hazina ya kifalme ya Karagwe nayo inatoa ushahidi. Ndani yake kulikuwa na vitu vya chuma, vikiwemo sanamu za ng'ombe na vifaa vyenye umbo la nyundo au fuawe. Alama za ufalme ziliunganisha ng'ombe wa mfugaji na kazi ya mhunzi, na hivyo haziwezi kuelezwa kwa ufugaji peke yake.

### Isimu

Abahima na Abairu wanazungumza Runyambo. Kama watawala wangekuwa wavamizi wa karibuni kutoka Uhabeshi, ingetarajiwa kuona alama za wazi za lugha yao ikuluni. Wanaisimu wa historia kama David Schoenbrun wameonyesha kwamba lugha za Kibantu za Maziwa Makuu zina maneno ya ufugaji na kilimo yaliyotoka katika lugha za Kikushi na za Kisudani. Maneno hayo yanaonyesha mchanganyiko wa watu wa asili mbalimbali kwa karne nyingi, si ushindi mmoja wa mbari moja juu ya nyingine.

Kwa sababu hiyo ukosoaji wa nadharia ya Wahamiti haukanushi uhamaji. Watu walihama huku na huku katika eneo hilo, na Abahinda wenyewe wanasimulia kwamba mzee wao alikuja kutoka kwingine. Linalokanushwa ni dai kwamba uwezo wa kutawala au kuvumbua unafuata damu, na kwamba unaweza kutambuliwa kwa pua au urefu wa mtu.

## Athari

Nchini Rwanda nadharia ile iliyowatukuza Watutsi iligeuzwa kuwa silaha dhidi yao: kama ni wageni, basi nchi si yao. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisema hadharani kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 maiti nyingi zilitupwa mitoni na kubebwa na maji ya Kagera, mto uleule unaopita kando ya Karagwe na Kyerwa, hadi Ziwa Viktoria. Mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Tanzania na kukaa katika makambi ya Ngara na Karagwe. Wengi wao walirudishwa Rwanda mwishoni mwa mwaka 1996.

Tanzania ilifuata njia tofauti. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila la mtu. Hata hivyo swali la nani ni mwenyeji halikuisha katika wilaya za mpakani. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma ili kuwaondoa wahamiaji haramu. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo watu walioishi Tanzania kwa miongo mingi. Mahali ambapo lugha, koo na mifugo vimevuka mto tangu zamani, sura ya mtu au kazi yake ya ufugaji haitoshi kuonyesha uraia wake.

Jina la mfalme aliyempokea Speke limebaki: Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe ilianzishwa mwaka 2019, mwaka uleule wa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa.

## Tazama pia

* Wanyambo
* Wahaya
* Mkoa wa Kagera
* John Hanning Speke
* Mauaji ya kimbari ya Rwanda