Andrews Sisters na Safari ya Matini za Nyimbo: Tafsiri, Nafsineni na Umiliki

Ikisiri

Makala hii inafafanua maisha ya kisanaa ya Andrews Sisters, waimbaji watatu ndugu wa Marekani waliovuma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkazo umewekwa kwenye matini za nyimbo mbili walizozipata kutoka lugha na jamii nyingine: wimbo wa Kiyidishi na kalipso ya Trinidad. Hoja kuu ni kwamba wimbo unapohamishwa kutoka jamii moja hadi nyingine, kinachopotea kwanza si lahani, bali ni nafsineni na hali iliyomfanya aseme. Nafsineni huyo akishapotea, huwa rahisi kwa mtunzi naye kusahaulika.

1.0 Utangulizi

LaVerne (1911), Maxene (1916) na Patty Andrews (1918) walizaliwa katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Baba yao alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki, na mama yao alikuwa wa asili ya Norwei. Walianza kuimba utotoni wakiwaiga Boswell Sisters, ndugu watatu wa New Orleans, kisha katika miaka ya 1930 wakazunguka miji mbalimbali na vikundi vya burudani. Patty aliongoza, Maxene akashika sauti ya juu na LaVerne sauti ya chini.

Undugu wao ulikuwa na umuhimu wa kifonetiki. Waliolelewa katika nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja na huvuta pumzi kwa mazoea yaleyale. Hivyo sauti tatu zilisikika kama sauti moja iliyopanuka. Umbo hilo la uimbaji lilikuwa na nguvu kiasi kwamba wimbo wa asili yoyote ulipopita vinywani mwao, ulisikika kama wao. Hapo ndipo suala la makala hii linapoanzia.

2.0 Kutoka Kiyidishi: "Bei Mir Bist Du Schön"

Wimbo uliowapa jina ulirekodiwa Novemba 1937 katika kampuni ya santuri ya Decca, ukavuma Marekani nzima mwanzoni mwa 1938. Lahani yake ilitungwa na Sholom Secunda, na maneno yake na Jacob Jacobs, kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya Kiyidishi iliyoonyeshwa New York mwaka 1932. Mwaka 1937 Secunda aliuza haki za wimbo huo kwa dola 30, akagawana fedha hizo na Jacobs. Sammy Cahn na Saul Chaplin ndio walioandika maneno ya Kiingereza.

Kichwa cha wimbo kina maana ya "kwangu mimi, wewe u mzuri". Katika matini ya Kiyidishi, uzito umo katika "kwangu mimi". Nafsineni anaorodhesha kasoro ambazo mpenzi wake angeweza kuwa nazo, ikiwa ni pamoja na kuchechemea na kuwa na miguu ya mti, na kutangaza kwamba hakuna hata moja ambayo ingemsumbua. Ni mapenzi yaliyosemwa kwa mzaha wa watu wanaofahamiana. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja falsafa ya methali "Ukipenda, chongo huita kengeza".

Matini ya Kiingereza iliuacha mzaha huo. Badala yake nafsineni anahangaika kutafuta neno la kusifu, akichukua maneno ya lugha mbalimbali na kueleza maana ya kirai cha kigeni alichokibakiza. Kwa hiyo dhamira imehama: wimbo uliohusu kupenda licha ya kasoro umekuwa wimbo kuhusu ugumu wa kueleza neno. Kichwa nacho kiliandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, na alama ya wazi ya Kiyidishi ikafifia. Kwa upande wa fani, ni tafsiri huru yenye ustadi, kwani silabi zimeoana na lahani na kirai cha kigeni kimegeuzwa kiini cha wimbo. Hata hivyo, hadhira mpya haikuwa na njia ya kujua kilichoachwa. Haki za watunzi wa awali ziliwarudia mwaka 1961, miongo miwili na zaidi baada ya wimbo kuwatajirisha wengine.

3.0 Kutoka Trinidad: "Rum and Coca-Cola"

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Andrews Sisters walikuwa miongoni mwa waburudishaji wakuu wa wanajeshi wa Marekani. Waliimba "Boogie Woogie Bugle Boy" katika filamu ya mwaka 1941, wakarekodi pamoja na Bing Crosby, na kutembelea kambi na hospitali za kijeshi. Mwaka 1944 walirekodi "Rum and Coca-Cola", wimbo ulioongoza orodha za mauzo kwa majuma kadhaa mwaka 1945. Maneno yalidaiwa kuwa ya mchekeshaji Morey Amsterdam, ambaye mwaka 1943 alikwenda Trinidad kuwatumbuiza wanajeshi.

Kisiwani humo wimbo ulikuwa tayari unaimbwa. Mtunzi wa maneno alikuwa Rupert Grant, aliyejulikana jukwaani kama Lord Invader. Kalipso ni utanzu wa kusema hadharani yanayonong'onwa mitaani, na jukumu hilo haliko mbali na la mipasho na nyimbo za kejeli katika taarabu. Lord Invader alikejeli athari za kambi za Wamarekani: dola zilizowavuta mama na binti yake, na bibi arusi aliyemkimbia mumewe akafuatana na mwanajeshi. Nafsineni wake ni mwenyeji aliyeonewa.

Katika toleo la Amsterdam kiitikio kilibaki, lakini beti za malalamiko zilitoweka, na mahali pake pakachorwa kisiwa cha raha na wasichana wenye tabasamu. Nafsineni sasa ni mgeni anayefurahia. Mstari kuhusu mama na binti ulisalia, ila bila beti zilizouzunguka ulipoteza uchungu wake. Baadaye Maxene alieleza kwamba kilichowavutia kilikuwa mdundo, na kwamba hawakuyafikiria maneno. Hivyo wimbo uliotungwa kuwalalamikia wanajeshi ukawa burudani ya wanajeshi haohao.

4.0 Mwimbaji, Mtunzi na Maandishi

Shauri lilifika mahakamani New York. Mwaka 1947 iliamuliwa kwamba maneno yalinakiliwa kutoka matini ya Lord Invader. Mwaka 1948 uamuzi mwingine ulihusisha lahani na "L'Année Passée" ya Lionel Belasco. Walioshtakiwa walikuwa wachapishaji na wenzao, wala si waimbaji. Jambo la kuzingatiwa na wanafasihi simulizi ni aina ya ushahidi uliotumika: maneno ya kalipso yalikuwa yamechapwa katika kijitabu na Mohamed Khan mwaka 1943, na lahani ilikuwa imechapwa na Maurice Baron. Kuimbwa mbele ya umati hakukutosha. Karatasi ndiyo iliyosema.

Afrika Mashariki inalifahamu tatizo hili. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William na baadaye kuimbwa na Miriam Makeba na Boney M., ilhali wapo wanaoutaja kuwa ni utunzi wa Adam Salim. Kadiri wimbo unavyosafiri, jina la mwimbaji mashuhuri hukaa pale palipokuwa na jina la mtunzi.

5.0 Hitimisho

Kundi lilivunjika mwaka 1953 Patty alipoamua kuimba peke yake, likaungana tena mwaka 1956. LaVerne alifariki mwaka 1967, Maxene 1995 na Patty 2013. Ustadi wao wa uimbaji hauna shaka, na bila wao huenda nyimbo hizi mbili zisingefika mbali hivyo. Lakini kufika mbali si sawa na kufika zikiwa kamili. Mchambuzi wa wimbo uliohama lugha anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kusifu lahani: Nani alikuwa akisema mwanzoni? Na nani anasema sasa?