Intakula Mpya, Joto Lile Lile?

Ukimuuliza dereva wa Nairobi ni wapi gari lake la turbo hupata taabu zaidi ya joto, atakujibu Mombasa. Hesabu inamkatalia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Ili injini ipate presha ya jumla ya baa 2, turbo iliyoko Mombasa inaibana hewa mara mbili. Iliyoko Nairobi lazima iibane mara 2.4. Na hewa ikibanwa hupata moto. Turbo yenye ufanisi wa asilimia 75 ikivuta hewa ya nyuzi 30 pale Mombasa itaitoa ikiwa na nyuzi 118 hivi. Ikivuta hewa ya Nairobi yenye nyuzi 24, itaitoa ikiwa imekaribia 137.

Kazi ya kuipoza hewa hiyo ni ya intakula, ambayo kwa umbo ni rejeta ndogo inayopitisha hewa badala ya maji. Hewa yenye moto ni nyepesi. Joto likipanda nyuzi 10, silinda inakosa kama asilimia 3 ya hewa yake, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba injini huanza kugonga, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ili kuinusuru, na nguvu inayeyuka bila dereva kujua imekwenda wapi. Porsche walilijua hilo mapema: 911 Turbo ya 1978 ilipopewa injini ya lita 3.3, ilipewa pia intakula, ikawekwa chini ya bawa la nyuma.

Huku kwetu mazungumzo ya intakula ni mazungumzo ya Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akafanya hivyo 2000, na tangu hapo mapenzi hayajapoa. Impreza WRX STI ina intakula juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Mabomba yake ni mafupi, kwa hiyo gari huitikia upesi ukikanyaga mafuta. Lakini simama kwenye foleni ya Waiyaki Way dakika kadhaa: tundu halipati upepo, na intakula inaokwa na injini na turbo zilizo chini yake. Waliolitengeneza gari walijua, ndiyo maana STI nyingi zilikuja na kitufe cha kuirushia intakula maji.

Dawa inayouzwa ni intakula kubwa zaidi, mara nyingi ya kufungwa mbele, nyuma ya bampa, ionekane vizuri. (Tusidanganyane, kuonekana ni sehemu ya bei.) Swali ni jinsi ya kujua kama inafanya kazi.

Wengi huchomeka kifaa cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, wanafungua simu na kusoma joto la hewa inayoingia. Kwenye STI za 2000 hadi 2007 namba hiyo haisemi lolote kuhusu intakula. Kihisi chake kimo ndani ya kipima-hewa kilicho karibu na chujio, kabla ya turbo. Kinapima hewa ambayo bado haijabanwa! Ungeweza kuing'oa intakula yote ukaunganisha bomba tupu, na simu ingeendelea kukuonyesha joto lile lile.

Fundi makini hutoboa matundu mawili, moja kwenye bomba linaloingia intakula na jingine linalotoka, na katika kila moja hufunga kipimajoto chembamba, waya wake ukipita kwenye ukuta wa chumba cha injini hadi ndani ya gari. Kipimajoto kinene hakifai: kwa mvuto, yaani kukanyaga mafuta hadi mwisho, wa sekunde chache, kitakuwa bado kinapanda wakati dereva ameshaachia mafuta. Pembeni ya kila kipimajoto huweka mpira mwembamba wa kupima presha. Halafu anaandika joto la nje, na jaribio linafanyika kwenye uwanja uliofungwa, kwa sababu gia ya tatu ya STI ikivutwa hadi mwisho inapita kilomita 110 kwa saa, mwendo ambao sheria hairuhusu barabarani.

Mvuto wa kwanza hausemi mengi. Intakula nzito ya aluminiamu humeza joto kwa sekunde kadhaa kabla ya kulazimika kulitupa, kwa hiyo mwanzoni karibu kila intakula kubwa hung'ara. Ukweli uko kwenye mvuto wa tatu na wa nne, bila kupumzika. Tuseme hewa inaingia na nyuzi 137 na nje ni 24. Ikitoka na 50, intakula imeondoa asilimia 77 ya joto lililoongezwa na turbo. Ikifika mvuto wa nne inatoka na 65, imeshuka hadi asilimia 64. Uzito ule ule ulioisaidia mwanzoni unaichelewesha kupoa baadaye.

Kisha presha. Intakula inayopoza vizuri lakini inaiziba hewa hailipi. Turbo ikitoa baa 1.2 na manifoldi ikapokea 1.0, turbo inafanyishwa kazi ya bure, na kazi hiyo inarudi kama joto. Vipimo vya kwenye mashine ya rola navyo nisingeviamini sana katika jambo hili, maana feni ya gereji si upepo wa barabarani.

Intakula ya mbele ina gharama nyingine: mabomba marefu ya kujazwa hewa kabla injini haijaitika, na kivuli juu ya rejeta. Kwa anayeshindana kupanda vilima vya Kiambu huenda ikafaa. Kwa anayekwenda kazini, ningeanza na sponji inayoziba nafasi kati ya tundu la boneti na intakula. Kwenye magari ya umri huu mara nyingi imechanika, na upepo unapita pembeni. Kisha ningeosha mapezi yaliyojaa vumbi na mafuta, nikague kama mpira unaotoka kwenye turbo una ufa, halafu nipime tena.