Kabla Kinna haijauza asali China, tuzungumze habari ya punda

Tangu Juni 2025, China ilipotangaza kwamba iko tayari kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika zenye uhusiano wa kibalozi nayo, simu yangu haipumziki. Wanaonipigia zaidi ni vijana wa Kinna, kule Isiolo, ambako nina mashemeji na huenda kila nipatapo nafasi. Wana asali, wana maziwa ya ngamia, wana utomvu wa mgunga ambao viwanda hutia kwenye soda na peremende. Swali lao ni moja: tukiutia mzigo huu kwenye chupa na paketi nzuri, Mchina atanunua?

Kununua atanunua. Maziwa ya ngamia ya unga yanauzwa kwao madukani, na asali wanaipenda. Lakini ushuru ndio kikwazo kidogo kuliko vyote, na hili watangazaji wetu hawalisemi. Mzigo hauzuiwi bandarini kwa sababu ya asilimia kumi. Huzuiwa kwa sababu ya karatasi.

Kwanza, serikali mbili lazima ziwe zimekubaliana kuhusu bidhaa yenyewe, moja baada ya nyingine. Tazama parachichi. Mwaka 2019 Kenya iliruhusiwa kupeleka China parachichi lililomenywa, likatolewa kokwa na kugandishwa. Mkulima wa kawaida hana mtambo wa kugandisha, kwa hiyo ruhusa ile ilikuwa ya viwanda vya kuhesabu. Parachichi bichi, lile lile ambalo Ulaya wanalila miaka na miaka, lilisubiri hadi Januari 2022, waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipokuja hapa hapa Mombasa zikatiwa saini itifaki mbili, moja ya parachichi na nyingine ya mazao ya baharini. Shehena ya kwanza iliondoka Agosti mwaka huo. Hilo ni tunda tu, halina mama wala maziwa.

Pili ni kiwanda. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila kiwanda cha nje kinachotengeneza chakula cha kuingia China lazima kisajiliwe na Idara Kuu ya Forodha ya nchi hiyo na kipewe namba, na namba hiyo ichapwe kwenye pakiti. Kanuni za 2022 zilitaja makundi 18 ya vyakula ambayo mwenye kiwanda hawezi kujisajili mwenyewe. Ni lazima serikali ya nchi yake imkague kisha impendekeze. Na katika makundi hayo 18 yamo mazao ya nyuki, na yamo maziwa. Yaani vitu viwili ambavyo Kinna inavitegemea. Kwa bidhaa za wanyama na nyuki, mlango wa kubisha hapa kwetu ni Idara ya Huduma za Mifugo, si afisi ya mbunge.

Lebo nayo ina mambo yake. Iwe kwa Kichina, ioneshe viungo, nchi ilikotoka, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika, na jina na anwani ya mwagizaji aliyeko China. Huyo mwagizaji lazima umpate kabla hujachapa hata karatasi moja.

Sasa tuje kwa punda, maana hiyo ndiyo biashara ya chakula cha Wachina ambayo watu wa kaskazini wanaijua bila kufundishwa.

Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao. Kitovu chake ni Dong'e, mkoa wa Shandong. Zamani ilikuwa dawa ya kuongeza damu. Siku hizi huchanganywa na ufuta, tende za Kichina na jozi, ikakatwa vipande na kufungwa kwenye visanduku vya kupendeza, watu wakapelekeana zawadi. China ilikuwa na punda kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakapungua hadi chini ya milioni 3. Wakaanza kuwatafuta kwetu.

Sheria ya Kenya ilibadilishwa mwaka 2012 ili punda ahesabiwe mnyama wa kuchinjwa. Machinjio manne yakapewa leseni: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Watafiti wa KALRO walihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya laki tatu, yaani takriban asilimia 15 ya punda wote nchini, kwa kasi ambayo uzazi wao hauwezi kuifikia. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mmoja.

Sisi Waislamu nyama ya punda wa kufugwa hatuli, Mtume (S.A.W.) aliikataza siku ya Khaibar, na Waborana wa Kinna ni Waislamu. Kwa hiyo wengi walidhani habari ile haiwahusu. Lakini mwizi hana haja na fatwa. Katika sehemu nyingi za nchi watu waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa, ngozi imekwenda. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20. Akiibwa, mitungi ile inahamia mgongoni mwa mama, mmoja mmoja, safari nne. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa hili.

Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku. Kisha Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima, jambo ambalo mkutano wa Dar es Salaam ulikuwa umeliomba Desemba 2022, kwa miaka 15.

Kwa nini nachanganya asali na punda? Kwa sababu ngozi ilitoka ikiwa mbichi, bila jina. Thamani yote iliingia kwenye kisanduku kule Shandong. Utomvu wa mgunga wa kaskazini, kwa maoni yangu, unaelekea huko huko: huokotwa na kina mama, huuzwa kwa gunia kwa dalali, na bei hupangwa na dalali.

Rwanda walifanya tofauti. Oktoba 2018 walikubaliana na kampuni ya Alibaba, na kahawa yao, imeshakaangwa na kutiwa pakiti yenye jina lao, ikawa inauzwa kwa mtandao moja kwa moja kwa mnywaji wa China. Kahawa iliyokaangwa, zingatia, haimo katika yale makundi 18. Iliyo mbichi imo. Hiyo ndiyo njia nyepesi.

Basi vijana wa Kinna, msikimbilie kuchapa lebo. Anzeni na ushirika mmoja wenye chumba kimoja safi cha kuchujia asali, alama ya ubora ya KEBS, na soko la Nairobi na Mombasa, ambako asali yenu inatafutwa leo. Mkaguzi akija atakuta kitu cha kukagua. Na mtu akiwajia na ahadi ya kontena la China, muombeni awaoneshe itifaki ya bidhaa hiyo na namba ya kiwanda kilichosajiliwa. Akianza kuwaambia habari za ushuru sifuri, mpeni chai, mumuage.