Saa 24 za Mfanyakazi wa Moshi

Sheria ya kazi ya nchi yetu iliyopitishwa mwaka 2004 yaweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida katika juma, na yampa kila mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika. Saa hizo hazikuanguka kutoka mbinguni kama mana ya jangwani. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na vyama vya wafanyakazi vilivyoungana mwaka 1955 vikaendelea kudai, mpaka mtu mweusi naye akahesabiwa kuwa ni kiumbe anayechoka. Basi leo twapenda kuuliza swali ambalo sheria haiulizi, wala si kazi yake kuliuliza: mfanyakazi wa mji wa Moshi, akisha kuzipata saa zake 24, huzifanyia nini?

Atakaye jibu na apite mitaa ya Mbuyuni, Majengo, Njoro na Pasua siku ya Jumamosi, baada ya saa kumi na moja ya jioni. Viti vya plastiki vimetolewa nje, moshi wa nyama choma umetanda (mji huu una moshi wa namna mbili, ule wa jina na ule wa mbuzi), na televisheni imetundikwa ukutani ili watu wa Moshi wawatazame Waingereza wakicheza mpira. Karibu kila kiti kimekaliwa na mwanamume. Hapo atakaa mpaka saa tano ya usiku, na kesho yake, baada ya ibada, atarudi pale pale kunywa supu, na baada ya supu atazimua. Jumatatu asubuhi aingia kazini akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Hatusemi ya kwamba kuketi na rafiki ni kosa. Nyama ya mbuzi iliyochomwa vizuri, pamoja na ndizi ya kuchoma na kachumbari yenye pilipili, ni chakula cha heshima, na mtu aliyefanya kazi juma zima anastahili kukila. Tulalamikalo ni kwamba raha hiyo imekuwa ya mtu mmoja katika nyumba ya watu sita. Mshahara ni wa wote, walakini mapumziko ni ya baba peke yake. Mama yuko nyumbani akifua sare za shule, naye saa zake 24 hazikuandikwa katika sheria yoyote. Watoto wamefika darasa la sita hawajayaona maporomoko ya maji yaliyo karibu na mji, ambayo watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyatazama.

Wazee wa hapa wakumbuka zamani nyingine. Kabla ya Uhuru, starehe katika mji huu iligawanywa kwa rangi kama vile shule na hospitali zilivyogawanywa. Wazungu walikuwa na klabu yao na kiwanja chao cha gofu. Wahindi walikuwa na kumbi za jumuiya zao. Mwafrika aliachiwa kilabu cha pombe na uwanja wa ngoma. Angalia jinsi hata maneno yalivyotengwa: klabu kwa mmoja, kilabu kwa mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipowashwa juu ya kilele cha Kibo na Luteni Alexander Nyirenda, ugawaji huo ulihukumiwa kufa. Lakini yafaa tuangalie usifufuke kwa namna nyingine, mwenye fedha akawa na bustani na hewa safi, na kabwela akabaki na chupa.

Na ajabu ni kwamba kabwela wa Moshi hana sababu ya kubaki na chupa, maana ameketi miguuni pa mlima. Mji uko chini, mahali penye joto, kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lakini ukipanda daladala kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi, kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako umekwisha kuingia katika migomba na baridi. Huko ndiko vilipo vihamba, na katika vihamba hivyo wengi wa wafanyakazi wa mji huu wana mama, au shangazi, au kaburi la babu. Kila Desemba twaona jambo la kustaajabisha. Mtu wa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 500, kwa basi au kwa gari lake mwenyewe, ili ale Krismasi mlimani kwao. Na tangu mwaka 2019 garimoshi la abiria liliporudi Moshi, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, wengine wakaja kwa reli. Lakini yule aliyepanga chumba Majengo, ambaye kwao ni kilomita kumi na mbili tu, hupanda mlimani siku ya msiba.

Tuseme kidogo juu ya chakula, maana hapa ndipo tulipopoteza mali bila kuibiwa. Ndizi za mchare zikimenywa na kupikwa pamoja na nyama katika chungu kimoja, hupatikana machalari. Zikipikwa na nyama ya kidari mpaka ziive kabisa, zikapondwa zikawa laini kama uji mzito, huo ni mtori, ambao mama aliyejifungua hupewa apate nguvu, na ambao mtu mzima asiyejifungua huuomba bila haya. Zikichanganywa na maharage, ni kiburu, chakula cha mtu asiye na fedha ya nyama, nacho chashibisha kutwa. Kisha kuna kisusio, supu ya mbuzi iliyotiwa damu. Ndugu zetu Waislamu hawaigusi, na wako Wakristo wasioigusa pia, nao hatuwalazimishi. Ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, tumwachie bwana arusi. Vyakula hivi, ukiondoa huyo wa mwisho, havihitaji mkahawa wala mtumishi aliyevaa tai. Sufuria moja ya kiburu yaweza kulisha familia pamoja na jirani chini ya mti, kwa fedha ambayo haitoshi kununua chipsi za watu wanne mjini. Hata hivyo, mzazi akitaka kuwafurahisha watoto huwapeleka kwenye chipsi, akidhani ya kuwa ndizi ni chakula cha nyumbani tu na hakiwezi kuwa karamu.

Mbege nayo yastahili neno lake. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa; kisha huongezwa uji wa ulezi ulioota na kusagwa, pamoja na maganda ya mti wa msesewa yatiayo uchungu wake. Ni kazi ya siku nyingi, tena kwa kawaida ni kazi ya wanawake. Kwa desturi ilinywewa kwa kata, wazee wakitangulia, na kila mkutano wa ukoo, mahari, na upatanisho ulikuwa na mbege yake. Hatuitaji ili kuwatuma watu wakalewe. Twaitaja kwa sababu katika desturi ile kinywaji kilikuwa na saa yake na jambo lake, na mlevi alionekana kuwa ni mtu aliyewaaibisha wenzake. Leo kinywaji hakingoji jambo lolote. Na yule anayeshindwa bei ya chupa hukimbilia gongo, ambayo imeharibu macho na maini ya vijana wengi katika nchi hii.

Habari ya kahawa yachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Mmea huu umekuwa katika miteremko ya Kilimanjaro tangu mwisho wa karne ya 19, ulipoletwa na wamisionari. Wakulima wake waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaanzishwa chama cha ushirika, KNCU, kilichojulikana Afrika nzima. Kwa miongo mingi mnada wa kahawa ya nchi ulifanyika hapa hapa Moshi. Lakini ingia katika nyumba ya mfanyakazi wa Moshi asubuhi, utakaribishwa chai. Wakati huo huo, huko Materuni katika Uru, mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola ili apewe mchi na kinu, atwange kahawa huku akiimbiwa, aikaange juu ya moto wa kuni na kuinywa. Bibi zetu walitwanga bure, wala hawakupigwa picha. Hatuwalaumu wana-Uru, wamepata kipato halali kwa akili yao. Twashangaa tu kwamba jambo ambalo mgeni hulihesabu kuwa ni starehe, mwenyeji hajalijaribu hata mara moja.

Pale pale Materuni kuna maporomoko makubwa ya maji, na njia ya kuyafikia hupita katikati ya mashamba ya watu. Huko Marangu, ambako daladala hufika kwa kupitia Himo, kuna maporomoko ya Kinukamori. Ukitaka upande wa tambarare, shika njia ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, kisha uteremke kwenda Chemka, kwenye chemchemi ya Kikuletwa, ambayo watu huiita Maji Moto ingawa maji yake ni vuguvugu tu. Ni maji safi ajabu, yenye rangi ya samawati, chini ya mikuyu mikubwa. Asiyejua kuogelea asijitie humo kwa kuona aibu mbele ya wenzake, na watoto waangaliwe. Mahali hapa pote pana kiingilio, lakini mwananchi hatozwi kama mgeni.

Mwenye nauli ndogo kabisa na aende msitu wa Rau, ulio pembeni mwa mji. Humo mna mivule mikubwa, na mti uitwao msoo ambao ni nadra sana duniani, na mbega wenye manyoya meusi na meupe wakiruka juu ya vichwa vya watu. Ukitoka msituni wayakuta mashamba ya mpunga. Twawajua watu waliokaa Moshi miaka kumi na mitano, wanaojua majina ya wachezaji wote wa klabu moja ya London, na hawajaingia Rau.

Na mlima wenyewe? Wengi hudhani ya kuwa Kilimanjaro ni mali ya watalii. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwananchi huingia kwa kulipa shilingi, kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya dola alipazo mgeni. Si lazima afike kilele cha mita 5,895. Kutoka lango la Marangu mpaka kibanda cha Mandara, karibu mita 2,700, ni safari ambayo mtu mwenye afya hupanda na kushuka kwa siku moja, akipita ndani ya msitu wenye ukungu na vijito. Wanaoijua njia hiyo kuliko wote ni wagumu, yaani wapagazi, ambao kwa kanuni ya hifadhi hawapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni. Hao hupanda mara nyingi kwa mwaka kwa ajili ya mapumziko ya wengine. Ingekuwa jambo jema kumwona mgumu mmoja akipanda mpaka Mandara bila mzigo, amemshika mwanawe mkono.

Michezo hatuisahau. Timu ya Polisi Tanzania ilipokuwa katika Ligi Kuu, kutoka mwaka 2019 mpaka iliposhuka mwaka 2023, uwanja wa Ushirika uliwapa watu wa Moshi nafasi ya kuwaona Simba na Yanga kwa macho yao, na waliokuja hawakuwa wanaume peke yao. Katika uwanja huo huo humalizikia mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, ambazo kwa miaka mingi zimedhaminiwa na bia. Mtu hukimbia kilomita 42 chini ya jina la kinywaji, nasi hatuna la kusema zaidi ya kucheka. Ziko pia mbio fupi za kilomita tano kwa ajili ya watu wote, na hizo ndizo twawasihi wafanyakazi waziingie pamoja na wake zao.

Basi tuna maombi matatu, nayo si makubwa. Matawi ya vyama vya wafanyakazi, ya viwandani, ya hospitalini, ya shuleni na ya mashamba ya miwa ya TPC, yakodi basi moja kwa mwezi kwa fedha za wanachama, kila familia ikilipa kidogo na kubeba sufuria yake. Vyama vya ushirika viuze kikombe cha kahawa mjini kwa bei ya kikombe cha chai, mahali ambapo mwanamke na mtoto waweza kukaa bila kuulizwa watakunywa bia gani. Na Manispaa, ambayo imejipatia sifa nchini kote kwa usafi wa mitaa yake, ivilinde viwanja vya wazi vilivyobaki, ipande miti ya kivuli na kuweka viti vya kukalia, maana mji wenye watu zaidi ya laki mbili hauwezi kupumzikia ndani ya baa.

Anayetaka kuanza Jumapili hii asingoje basi la tawi. Apike kiburu Jumamosi usiku, na aondoke mjini kabla ya saa moja ya asubuhi ikiwa ataka kuwaonyesha watoto theluji ya Kibo, kwa sababu siku nyingi mawingu huufunika mlima kabla ya adhuhuri, wala haufunuki tena mpaka jua linapokaribia kutua.