Zawadi za Idi: Mtoto wa "nitamtazamia kitu"

KUMI la mwisho la Ramadhani lina wakeshaji wa aina mbili katika jiji la Dar es Salaam. Wapo wanaokesha misikitini wakiutafuta usiku wa Lailatul-Qadri, na wapo wanaochelewa Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, wakitafuta kiatu cha mtoto kinachomkaa mguuni. Wengi wetu tumo katika makundi yote mawili, wala si aibu. Kumpendezesha mtoto siku ya Idi ni jambo jema, na mzazi anayelifanya kwa nia njema hupata ujira wake.

Wanaotoka Kigamboni huvuka asubuhi kwa pantoni, wakashuka Magogoni, wakapanda mwendokasi pale Kivukoni na kumalizia safari kwa miguu. Mchana huonekana wakirudi kivukoni hapo hapo, mifuko imewajaa mikononi na saumu imewakausha midomo. Ukisimama karibu nao wakati wakingoja pantoni, utasikia hesabu inayofanana: huyu nimemmaliza, huyu bado kofia, binti nimempatia gauni lakini viatu bado, na yule mtoto wa marehemu kaka, basi, nitamtazamia kitu.

Ni huyo wa mwisho anayetushughulisha leo, ingawa hatuwezi kumfikia bila ya kuwapitia wenzake.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Nuuman bin Bashir (r.a.) anasimulia kwamba baba yake alimpa zawadi. Mama yake, Amra binti Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume (s.a.w.) aishuhudie. Bashir alipokwenda kuomba ushahidi huo, aliulizwa swali moja: je, watoto wako wote umewapa mfano wa hiki? Akajibu kuwa hakufanya hivyo. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, na Bashir akarudi nyumbani, akaichukua tena zawadi ile. Yafaa kuzingatia kwamba Bashir hakuwa amemdhulumu mtu mali yake. Alikuwa baba aliyempa mwanawe kitu chake mwenyewe, na bado jambo lile halikushuhudiwa.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wamesema kusawazisha baina ya watoto katika zawadi ni sunna na kupendelea ni makuruhu. Imamu Ahmad akaenda mbele zaidi, akaona ni wajibu. Na kwa Shafi, zawadi ya mtoto wa kike na wa kiume huwa sawa. Mgawanyo wa mirathi hauingii hapa.

Lakini kuna tofauti ambayo mzazi akiifahamu hupumua. Zawadi si matumizi ya lazima. Katika matumizi, usawa ni kila mmoja kupata haja yake. Mwenye kiatu kilichotoboka hununuliwa kiatu, na mwenye kiatu kizima hawezi kudai kuwa ameonewa. Mtoto mgonjwa atagharimu zaidi ya mzima. Usawa wa zawadi unaanza baada ya haja hizo. Kwa hiyo mama mwenye watoto wanne na shilingi 60,000, kama kiatu cha shule cha mmoja wao kimekwisha na kitagharimu 20,000, akitoe kwanza na amwambie wazi mwenye kiatu kwamba hicho si cha Idi. Zile 40,000 zinazobaki ndizo za kugawanya, kumi kumi. Anayechanganya mafungu haya mawili humfanya mtoto mmoja aonekane kipenzi na mwingine aonekane mzigo, na watoto ni mahodari wa hesabu hizi kuliko wakaguzi wa serikali.

Sasa turudi kwa yule wa "nitamtazamia kitu".

Nyumba za Kariakoo, Ilala na Kigamboni ni chache zenye watoto wa tumbo moja tu. Yumo yatima wa ndugu, yumo mtoto wa kambo, yumo mjukuu aliyeletwa kutoka Rufiji au Kilwa asome mjini, na yumo binti wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto wa watu. Kisheria hawa hawaingii katika hukumu ya hadithi ya Nuuman, kwa kuwa inahusu watoto wa mtu mwenyewe. Tusilipindishe hilo. Lakini Sura ya Adh-Dhuha imekataza yatima asionewe, na uonevu una sura nyingi. Mtoto anayesimama mlangoni asubuhi ya Idi akiwatazama wenzake watatu wamevaa vitambaa vipya vya rangi moja, yeye amevaa shati la mwaka juzi lililopigwa pasi, hakupigwa wala kutukanwa. Hata hivyo ameambiwa jambo, na amelisikia.

Kama fedha haitoshi, afadhali wote washuke daraja. Mtumba safi wa Karume kwa watoto watano ni bora kuliko suti za dukani kwa watatu na ahadi kwa wawili.

Tunaye Ummu Khalid (r.a.) wa kututazamisha namna zawadi inavyotolewa. Alikuwa mtoto mdogo, aliyezaliwa Uhabeshi wazazi wake walipohamia huko. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo, miongoni mwake kijiguo kidogo cheusi chenye nakshi. Akawauliza waliokuwapo wamvishe nani, wakanyamaza. Akaagiza aletwe Ummu Khalid, naye akaletwa akiwa amebebwa. Akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea aishi mpaka nguo ichakae, kisha akaionyesha ile nakshi na kumwambia kuwa ni nzuri, kwa neno la Kihabeshi, lugha ya nchi alikozaliwa mtoto yule. Nguo ilikuwa moja, ndogo. Lakini aliitwa kwa jina lake, akavishwa mbele ya watu, akasemeshwa kwa neno analolijua. Mambo hayo hayauzwi Mtaa wa Kongo wala hayahitaji mkopo.

Na mkopo tuutaje. Mikopo inayoitwa kausha damu hupata wateja wengi kina mama wanaotaka watoto wang'ae kama wa jirani. Ni ajabu kumfurahisha mtoto kwa riba katika siku ya kumshukuru Aliyeiharamisha. Wenye busara hupanga zamu yao ya upatu iangukie Shaaban, wakanunua kabla bei hazijapanda na kabla njia hazijasongamana.

Kuhusu vitu vya kuchezea, wanaodhani dini haivitaki wasome habari za Bi Aisha (r.a.). Alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomwuliza farasi gani huyo mwenye mbawa, akajibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo, Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Basi mwanasesere si tatizo. Tatizo ni vile vijibetri vya duara, mfano wa sarafu, vilivyomo ndani ya saa, taa na magari madogo ya kuimba. Mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, huweza kumchoma ndani kwa saa mbili tu. Kama mfuniko wa betri haukufungwa kwa skrubu, kiacheni dukani. Na ikishatokea, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Kuna na zawadi ya fedha, mkono wa Idi. Mtoto huzunguka kwa babu, kwa shangazi na kwa majirani, na alasiri mfuko wake una sarafu za kutosha. Wachache huuliza zinakwenda wapi. Mnamo Oktoba 1, 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wasiopungua 19 walifariki mjini Tabora katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Viingilio vya kumbi hizo hulipwa kwa mikono hiyo hiyo ya Idi. Mpeni mtoto fedha, lakini mtu mzima mmoja afuatane naye, na aangalie mlango wa kutokea uko wapi kabla ya kuangalia kiingilio ni shilingi ngapi.

Limebaki jambo la waliotalikiana. Baba huleta baiskeli, mama hujibu kwa simu ya mkononi, na mtoto wa miaka saba hugeuzwa uwanja wa mashindano. Katika nyumba ya mama yumo mdogo wake wa baba mwingine, asiye na wa kumletea. Wazazi hao wakipigiana simu kabla mwezi haujaandama, hata kwa dakika mbili na bila kupendana, mkubwa hataamka siku ya Idi na jozi tatu za viatu huku mdogo wake akijaribu kuvaa jozi mojawapo inayompwaya.